Sarafu za Tabora si Mali ya Wakusanyaji Peke Yao

Katika makala haya nitagombana na watu wa aina tatu. Wa kwanza ni wakusanyaji wa sarafu za kikoloni, ambao wanajua kila kitu kuhusu sarafu isipokuwa watu walioitumia. Wa pili ni wenzetu wanaosema kwamba vitu hivyo ni takataka za mkoloni na vitupwe. Wa tatu wako karibu nasi zaidi: ni wale wa idara za Kiswahili wanaosema kwamba sarafu ni somo la historia au la uchumi, na kwamba mwanafunzi wa lugha hana haja nazo. Naona wote watatu wamekosea, na kosa lao linatugharimu sisi, hasa sisi tunaosoma Kiswahili nje ya pwani, katika nchi kama Burundi.

Nianze na sarafu yenyewe, ili tusibishane juu ya kitu tusichokijua.

Mwaka 1916, wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani lilikuwa limezingirwa. Koloni hilo lilijumlisha Tanganyika, Rwanda na Burundi yetu ya leo, ambayo wakati huo iliitwa Urundi. Meli za Waingereza zilifunga bahari, na sarafu mpya hazikuweza tena kuletwa kutoka Ujerumani. Lakini vita havipiganwi bila malipo: askari walitaka mshahara, na wachukuzi na wauza nafaka walitaka chao. Serikali ya kikoloni ilikuwa imehamia Tabora, mji uliofikiwa na reli ya kati mwaka 1912. Hapo, katika karakana ya reli, zikagongwa sarafu za dharura: hela 5 ya shaba ya manjano, hela 20 ya shaba ya manjano na nyingine ya shaba nyekundu, na rupia 15 ya dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke, yenye picha ya tembo mbele ya mlima. Zote zina herufi T, yaani Tabora. Sarafu zilizotoka Ujerumani zilikuwa na A ya Berlin au J ya Hamburg.

Tarehe 19 Septemba 1916 Tabora ilianguka mikononi mwa jeshi la Wabelgiji lililotoka Kongo. Kwa hiyo umri wa sarafu hizi kama fedha halali ya mji ule ulikuwa wa miezi tu. Ndiyo maana wakusanyaji wanazipenda, na hapo ndipo ugomvi wangu nao unapoanzia.

Fungua orodha yoyote ya wakusanyaji kwenye ukurasa wa hela 20 ya Tabora. Utaambiwa kwamba kuna zenye taji kubwa na zenye taji dogo. Utaambiwa kwamba katika neno HELLER, ncha za herufi L zimepinda katika baadhi ya sarafu, na katika nyingine zimechongoka. Ukichanganya taji, ncha na aina ya shaba unapata jamii kadhaa, na kila moja ina namba yake na bei yake. Kwa rupia 15 ya dhahabu, jambo kubwa ni pambo lililo chini ya neno OSTAFRIKA: je, linaishia chini ya herufi T au chini ya herufi A? Idadi nayo inajulikana: dhahabu zote ni 16,198, yaani 9,803 za aina moja na 6,395 za aina nyingine.

Siwadharau kwa uangalifu huo. Kusema kweli tunapaswa kuwaiga. Mtu anayeweza kutofautisha sarafu mbili kwa ncha ya herufi ana jicho ambalo mwanafunzi wa fonolojia angelitamani. Bila wao tusingejua kwamba muhuri ulibadilishwa zaidi ya mara moja, na kwamba kazi ilifanyika kwa haraka, kwa zana za karakana. Tofauti hizo ni alama za mikono. Ila mkusanyaji akishaiona alama ya mkono, anaiacha hapo hapo, wala haulizi mkono ulikuwa wa nani. Nani alizungusha mashine? Nani alisafisha shaba iliyoyeyushwa? Sarafu ilipotoka karakanani, nani aliipokea kwanza, na alinunua nini? Ilipookotwa miaka mingi baadaye, iliokotwa wapi: shambani, kwenye kaburi, au kwenye mtungi wa bibi? Mara nyingi orodha hainyamazii bei, lakini juu ya hayo inanyamaza.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Mkusanyaji atajibu kwamba yeye ana daftari. Ni kweli analo, lakini ni daftari la mnunuzi, linaloandika nilinunua lini na kwa kiasi gani. Hela 20 iliyopatikana Tabora na hela 20 iliyopatikana Gitega zinasimulia habari mbili tofauti. Ya pili inaonyesha njia: labda ilikuja na askari aliyerudi kwao, labda na mchukuzi aliyebeba mizigo ya Wabelgiji, labda na mfanyabiashara wa chumvi. Zikishatiwa katika kisanduku kimoja, zikasuguliwa zing'ae, njia imefutika. Vimebaki vipande viwili vya shaba vyenye namba moja ya orodha.

Kuna jambo zito zaidi ambalo ncha za herufi haziwezi kulisema. Sarafu ya dharura ni ahadi. Shaba iliyo ndani ya hela 20 haikuwa na thamani ya hela 20. Thamani ilikuwa katika neno la aliyeitoa. Rupia ya dhahabu ni tofauti, kwa sababu serikali ikianguka dhahabu hubaki dhahabu. Sasa tufanye hesabu ndogo. Kodi ya kibanda cha shambani chini ya Wajerumani ilikuwa rupia 3 kwa mwaka. Rupia moja ilikuwa hela 100. Kwa hiyo hela ishirini-ishirini kumi na tano zilitosha kulipa kodi ya kibanda kimoja kwa mwaka, na rupia 15 ya dhahabu, kipande kimoja kinachoingia kiganjani, ilikuwa sawa na kodi ya miaka mitano. Sihitaji kuwaambia ni sarafu ipi kati ya hizo mbili iliyomfaa zaidi mchukuzi aliyekuwa nayo asubuhi ya tarehe 20 Septemba 1916. Mwenye dhahabu alikuwa na dhahabu. Mwenye shaba alikuwa na neno la serikali iliyokimbia.

Swali la nani alibeba hasara ndilo swali kubwa la kila sarafu ya badala. Na mkusanyaji anayejua jamii zote za hela 20 bila kuliuliza swali hilo anafanana na mtu anayejua idadi ya silabi katika shairi lakini hajali linasema nini.

Sasa nije kwa kundi la pili. Wenzetu hawa husema: kwa nini tuhangaike na vyuma vyenye taji la Kaizari? Mtupa jongoo hutupa na mti wake. Nawaelewa. Vitu hivi vilikuwa sehemu ya mfumo uliowalazimisha watu kufanya kazi wasiyoitaka. Kodi ilidaiwa kwa fedha, fedha ilipatikana kwa mzungu, na kwa mzungu ulikwenda kufanya kazi. Pale ambapo kodi haikutosha kuwasukuma watu mashambani, kilitumika kipande. Katika Usambara Magharibi, tangu mwaka 1907, mwanamume alipewa kadi iliyomtaka afanye kazi kwa mzungu siku 30 katika kila miezi minne. Nchini Kenya sheria ya kuandikisha Waafrika ilitungwa mwaka 1915 na kuanza kutumika baada ya vita. Wanaume walitembea na karatasi yenye alama za vidole vyao na habari za mwajiri na mshahara, ndani ya kikopo cha chuma kilichoning'inizwa shingoni. Kicho pia kiliitwa kipande. Leo vikopo hivyo hukusanywa kama sarafu zinavyokusanywa, na aliyewahi kukivaa akimwona mtu amekiweka kabatini kama pambo ana haki ya kukasirika.

Lakini methali ya jongoo haifai hapa, kwa sababu jongoo huyu ameshaingia mdomoni. Mtanzania anaposema "sina hela", anataja Heller ya Kijerumani. Mrundi anaposema amahera, anataja Heller ile ile. Tunaweza kuyeyusha kila sarafu iliyobaki kati ya Bujumbura na Bagamoyo, na kesho asubuhi sokoni tutaulizana tena: hela ngapi? Anayetupa sarafu kwa hasira hajamwondoa mkoloni. Amemwondolea ushahidi. Kama siku moja mtoto atauliza kwa nini babu wa babu yake aliacha shamba lake wakati wa palizi akaenda kulima la mwingine, karatasi za ofisi zitampa jibu la ofisi. Kipande na hela vitampa jibu jingine, vikiwa bado vipo na vikiwa na daftari lake.

Kundi la tatu ndilo linaloniuma zaidi, kwa kuwa ni la nyumbani. Mwenzangu mmoja alipeleka pendekezo la utafiti juu ya majina ya sarafu katika Kiswahili na Kirundi. Aliambiwa kwamba mada hiyo si ya lugha, aipeleke kwa watu wa historia. Watu wa historia nao wakamwambia kwamba majina ni kazi ya watu wa lugha. Hatimaye aliandika juu ya tamathali za usemi katika riwaya ambayo wanafunzi wengi walikwisha iandikia kabla yake. Simlaumu mwenzangu, wala sitamtaja aliyemkatalia. Naomba tu tuangalie kilichokataliwa.

Kiswahili ni hazina ya majina ya fedha, na kila jina lina njia yake. Fedha ni Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni madini ile nyeupe. Pesa na rupia zilivuka bahari kutoka Bara Hindi. Sumni ni thumuni, sehemu ya nane. Sarafu iliyoitwa hivyo ilibadilika baadaye, jina likabaki. Senti ilikuja na Waingereza, na pamoja nayo ndururu, ile ya senti tano yenye tundu katikati. Hela ilikuja na Wajerumani mwaka 1904, walipoacha kugawa rupia katika pesa 64 na kuanza kuigawa katika hela 100. Utawala wa Kijerumani uliondoka miaka kumi na mbili tu baadaye. Waingereza wakaleta florini mwaka 1920 na shilingi mwaka 1921. Upande wetu Wabelgiji wakaleta faranga ya Kongo. Hata hivyo neno la miaka kumi na mbili limeishi zaidi ya miaka mia moja. Kwa nini hela ilishinda na florini ikafa bila kuacha hata msemo? Hilo ni swali la isimujamii tupu, na sarafu ndiyo mlango wake.

Tazameni pia namna neno lilivyobadilika lilipovuka mpaka. Katika Kiswahili, hela imekaa katika ngeli ya I-/ZI-: hela hii, hela hizi. Katika Kirundi imevaa kiambishi ama-, ikaingia katika ngeli ya majina ya wingi, na l yake ikawa r: amahera. Jirani zetu wa Rwanda, waliokuwa katika koloni hilo hilo chini ya Wajerumani hao hao, leo kwa kawaida husema amafaranga. Waganda husema ssente. Ukichora ramani ya neno moja tu, fedha, katika Maziwa Makuu, unapata ramani ya serikali zilizopita na ya watu walioamua wenyewe jina lipi wabaki nalo. Kwani hakuna sheria iliyomlazimisha Mrundi kubaki na amahera wakati mfukoni alikuwa na faranga.

Na tusome maandishi yaliyo juu ya sarafu. Pesa ya shaba ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kuanzia mwaka 1890, ina upande mmoja wenye tai na jina la kampuni kwa Kijerumani. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu na mwaka wa Hijria, 1307. Kampuni ilijua kwamba watu wa pwani walisoma hati hiyo, na kwamba haitaaminiwa bila hiyo. Rupia ya Mombasa ya mwaka 1888, ya kampuni ya Waingereza, nayo ilikuwa na picha ya mizani, alama ambayo watu wa pwani walikwisha kuizoea kwenye pesa za Sultani Barghash wa Zanzibar. Kisha angalieni hela ya mwaka 1904: taji, mwaka, thamani, na Kijerumani peke yake. Hati ya Kiarabu imeondoka. Karibu na wakati huo huo, katika shule ya serikali ya Tanga, lilianza kuchapwa gazeti la Kiongozi, kwa Kiswahili cha herufi za Kilatini. Jambo lile lile la hati, ambalo tunalisoma darasani kwa kurasa nyingi, limeandikwa juu ya vipande viwili vya shaba ambavyo vingetosha mfukoni mwa mwanafunzi. Nani atasema kwamba hilo si somo la Kiswahili?

Mtu anaweza kunipinga kwa kusema kwamba nawataka wanafunzi wawe wafanyabiashara wa vitu vya kale. La hasha. Naomba kinyume chake. Mwanafunzi asinunue. Akianza kununua, bei inapanda. Bei ikipanda, makaburi yanachimbwa na mitungi ya wazee inavunjwa. Isitoshe, sarafu za bandia ni nyingi, na rupia ya tembo ni miongoni mwa zinazoigwa sana. Mwanafunzi anayetumia fedha ya chakula kununua tembo wa bandia atakuwa amefundishwa somo la uchumi, lakini si lile alilolitaka.

Ninachokiomba ni kidogo na kinawezekana. Tunapokwenda likizo, kila mmoja wetu aulize nyumbani na kwa majirani. Si lazima kuwa na sarafu. Anayekumbuka jina lake anatosha. Akikuta sarafu, kipande au kikopo, aandike mambo haya: mwenyewe anakiitaje, kwa lugha gani, kilipatikana wapi, kilikuwa cha nani, kinasemekana kilinunua nini au kilipatikana kwa kazi gani, na kina alama gani, pande zote mbili, hadi ncha ya herufi. Hapo ndipo tutawashukuru wakusanyaji kwa jicho walilotufundisha. Apige picha, asikisugue, akirudishe mkononi mwa mwenyewe. Mzee asipotaka kusema, aheshimiwe, kwa maana yapo mambo ambayo kipande kinayakumbusha na mtu hapendi kukumbushwa.

Kwa wahadhiri wetu ombi langu ni moja. Pendekezo la utafiti kama lile la mwenzangu likija tena, lisitumwe mlango wa pili. Lipokelewe, na mhadhiri wa historia aalikwe kukaa pamoja na wa isimu kwa saa moja. Gitega ina Makumbusho ya Taifa tangu mwaka 1955. Mabunda ya maelezo ya wanafunzi, pamoja na picha zake, yangeweza kuwekwa huko na katika maktaba za vyuo, yakasomwa na wakusanyaji wenyewe. Wao wataleta taji kubwa na taji dogo. Sisi tutaleta majina, mahali na kazi. Wakitaka kujua zaidi ya bei, watalazimika kusoma Kiswahili na Kirundi. Hilo nalo halitakuwa jambo baya.

Tusipofanya hivyo, ninaona kitakachotokea, kwa kuwa kimeshaanza. Sarafu zitaendelea kuondoka mfukoni mwa mtu mmoja mmoja, kwa bei ya soda mbili, mpaka zifike kwenye visanduku vya mbali vyenye vibandiko vizuri. Wazee wanaojua majina watazikwa nayo. Na siku mwanafunzi wa Burundi atakapotaka kujua neno amahera lilifikaje kinywani mwa mama yake, atafungua orodha ya mnada, aone taji, aone herufi T, aone ncha za L, zilizopinda na zilizochongoka. Kila kitu kitakuwamo isipokuwa jibu. Jibu bado liko vijijini mwetu, kwa lugha zetu, na likizo ijayo si mbali.